Krismasi ya Kwanza Bila Mbuyu: Nani Atakula Imondo?

Cheki hii picha. Umetoka Kanairo na basi ya usiku, umeshukia Webuye alfajiri, nduthi imekufikisha Matulo kabla jua lipande vizuri. Mathe amekukumbatia. Kuku amechinjwa, sufuria inanukia hadi kwa jirani. Sahani inafika mezani, imondo iko juu, na ghafla kila mtu ananyamaza.

Si unajua, kwa boma nyingi za Waluhya imondo ni ya mwenye boma. Na mwenye boma amelala pale nje, kaburi lake hata halijaota nyasi.

Hapo ndipo wengi wetu hushikwa. Kwa mazishi kulikuwa na hema, kamati, nyimbo na umati wa watu. Krismasi ni nyinyi peke yenu, na kile kiti chake kinawaangalia. Kwa hivyo usingoje hadi sahani ifike. Bongeni mapema.

Wazee waliliona hili zamani

Wabukusu wana desturi inaitwa kumuse. Mzee wa heshima akishazikwa, siku chache baadaye watu hukusanyika tena, kisha mfariji anatembea katikati yao akizungumzia maisha, ukoo na jinsi ya kuishi vizuri. Maana yake ni kwamba kufukia kaburi hakumalizi kazi. Walioachwa bado wanahitaji maneno.

Lakini kumuse haifanyiwi kila mtu. Kama mbuyu wako alikuwa fundi ama dere wa miaka 50, pengine haikufanyika. Hiyo haimaanishi nyinyi hamhitaji kufarijiwa. Inamaanisha mtajitengenezea desturi yenu wenyewe.

Na usidhani kumkumbuka ni kukataa kusonga mbele. Mwaka 1996 wataalamu watatu, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walitoa kitabu kilichopinga wazo kwamba lazima ukate uhusiano na marehemu ndiyo upone. Walisema watu wengi huendelea kuwa na uhusiano naye, ila unabadilika sura. Shosho yako angekwambia hivyo hivyo bila kitabu.

Nyumba kwanza, lakini uliza mathe

Umefika na rangi ya lita nne na mori ya kugeuza sebule yote. Tulia kidogo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mtu akifa bila wosia na ameacha mke mmoja na watoto, vyombo vya nyumbani na vitu vyake binafsi ni vya huyo mke. Kile kiti, ile redio, lile koti nyuma ya mlango, mwenye usemi ni mathe. Si wewe, na si anko aliyeanza kulipigia hesabu lile koti siku ya matanga.

Shamba nalo hakuna mtu wa kuliuza ama kuligawa kabla korti itoe na kuthibitisha barua za usimamizi. Ukiona mtu anapima ploti na hatua za miguu kabla ya hapo, mwambie apunguze mwendo.

Kama una simba yako, hiyo ni yako. Ipake rangi unayotaka. Ila nyumba kubwa ibadilishwe kidogo kidogo, kitu kimoja kila likizo:

Picha. Ile ya tangazo la mazishi ishukishwe. Tafuteni moja ambayo anacheka, muiweke fremu. Watoto wamjue akiwa hai.

Kiti. Msikifanye makumbusho, na msimpe wa kwanza kukikalia. Mathe akitaka, kisogezwe dirishani, kitambaa kibadilishwe, kiwe cha mgeni yeyote.

Nje. Pandeni mti wa matunda mahali alipopenda kukaa jioni. Mparachichi hauna haraka, na nyinyi pia msiwe nayo.

Gawaneni kazi zake

Andikeni kila kitu mbuyu alikuwa anafanya siku hiyo: kuchinja, kuombea chakula, kuwapa watoto pesa ya soda, kufunga geti usiku. Kisha gawaneni. Dada anaweza kuombea chakula. Kifunga mimba anaweza kufunga geti. Mkiacha yote yamwangukie kijana mkubwa, mtampa mzigo wa mtu mzima na hamjamuuliza kama anauweza.

Halafu ongezeni kitu kimoja kipya kabisa. Tarehe 26 mnaweza kutembea hadi maporomoko ya Nabuyole kwa mto Nzoia, kila mtu asimulie kisa kimoja cha mbuyu, hata kile cha aibu. Cheko halimkosei marehemu heshima.

Kitale ama Matulo?

Familia nyingi za huku zina boma mbili: shamba Trans Nzoia, na nyumbani Bungoma ambako wazee wamezikwa. Mbuyu akiwa hai, alikuwa anaamua yeye. Sasa mnaanza kuvutana. Suluhisho si lazima liwe gumu: mwaka huu Matulo kwa sababu kaburi ni jipya, mwaka ujao Kitale. Barabara ni ile ile, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye. Mnaweza kula Kitale na kesho yake mkaenda kung'oa magugu kaburini.

Na kama kuna mtu hapo nyumbani miezi imepita na bado halali, hali, hataki kuona watu, hiyo si ya kumwambia "jikaze." Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya bure ya ushauri, 1199.

Sasa, imondo. Pendekezo letu: kila Krismasi ipewe yule ambaye mwaka ulimchapa zaidi. Aliyefutwa kazi, aliyefeli mtihani, aliyeachwa. Mwaka huu jibu mnalijua tayari. Msogezeeni mathe sahani. Akikataa, akikwambia hiyo ni ya wanaume, mwambie mwenyewe angempa.