Mtoto wa Punda Milia Akibaki Bila Mama

Kaskazini-mashariki ya Kolwezi, ukishaacha migodi ya shaba na kobalti na kupita upande wa Lubudi, nchi huinuka mpaka nyanda za juu za Kibara. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na sehemu yake imo ndani ya jimbo la Lualaba. Katika majani ya nyanda hizo wanaishi punda milia wa mwisho wanaojulikana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zamani walitembea kwa makundi makubwa. Miaka ya vita, bunduki zilizozagaa na biashara ya nyama ya pori vimewapunguza hadi kubaki wachache tu.

Kundi dogo namna hiyo halizibi pengo upesi. Jike hubeba mimba kwa miezi 12 hadi 13, tena huzaa mtoto mmoja. Jike anayenyonyesha akiuawa, mtoto naye hana siku nyingi za kuishi, ila apate wa kumlea. Hapo ndipo huruma huhitaji ujuzi, maana watoto wengi wa wanyama hufa mikononi mwa watu waliowapenda kweli.

Mtoto wa punda milia huzaliwa akiwa na kilo 30 hivi, na kabla saa moja haijaisha huwa amesimama na kuanza kutembea. Hana desturi ya kujificha. Mtoto wa swala akionekana peke yake amelala katika majani, mara nyingi mama yake yuko karibu na atarudi kumnyonyesha, kwa hiyo aachwe alipo. Mtoto wa punda milia humfuata mama yake hatua kwa hatua. Akionekana peke yake anatangatanga, kuna uwezekano mkubwa kwamba amepatwa na msiba.

Swali la kwanza la mganga wa wanyama huwa hili: je, alinyonya dang'a? Binadamu hupata sehemu ya kinga ya mwili akiwa bado tumboni mwa mama. Wanyama wa jamii ya farasi hawaipati huko. Kinga yao yote ya mwanzo imo katika dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza, na utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa muda mfupi tu: vizuri zaidi katika saa 12 za mwanzo, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Aliyekosa dang'a anaweza kuonekana mzima leo, kesho kutwa akaangushwa na maambukizi ya damu au ya viungo.

Katika nchi zenye farasi wengi, mtoto aliyefiwa hupelekwa kwa jike mwingine mwenye maziwa. Lualaba haina njia hiyo. Mbung'o na maradhi ya farasi vimezuia ufugaji wa wanyama hao kuenea, hivyo jike wa kuazima ni vigumu kupatikana. Hubaki chupa.

Hapo ndipo kosa la kawaida hutokea: mtoto hupewa maziwa ya ng'ombe au ya kopo kama yalivyo. Maziwa ya jamii ya farasi ni mepesi. Mafuta yake ni kama asilimia 2 au pungufu, ilhali ya ng'ombe hukaribia 4. Lakini sukari yake ya asili ni nyingi zaidi, kama asilimia 6 hadi 7, na ya ng'ombe haifiki 5. Tumbo la mtoto likipewa mafuta lisiyoyazoea huharisha, na kuharisha humkausha maji upesi. Kwa sababu hiyo waganga hutumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa farasi. Yakikosekana, huchukua maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa mafuta na kuyaongezea glukosi, au hutumia ya mbuzi. Sukari ya chai haifai kabisa, kwa kuwa utumbo wa mtoto huyo bado hauwezi kuisaga.

Kiasi chake nacho huwashangaza wengi. Mtoto akishazoea chupa huhitaji kwa siku maziwa yanayokaribia sehemu moja ya tano hadi robo ya uzito wake. Mwenye kilo 30 atamaliza lita 6 au 7. Hayapewi kwa mkupuo. Wiki ya kwanza hulishwa kila baada ya saa moja au mbili, usiku na mchana. Hunywa akiwa amesimama, shingo ameinyoosha mbele, na chupa imeshikwa chini mahali ambapo chuchu ya mama ingekuwa. Anayelazwa chali na kumiminiwa maziwa kinywani hupaliwa, yakaingia mapafuni, na nimonia ikamuua.

Maziwa pekee hayamfanyi kuwa punda milia. Siku za kwanza mama huwafukuza hata ndugu wa kundi wasimkaribie mtoto wake, ili ajifunze yeye kwanza: mistari yake, harufu yake na sauti yake. Yatima huja na hamu hiyohiyo ya kushikamana na mmoja. Akimpata mlezi mmoja tu, atamshikilia huyo. Siku mlezi akiugua au akienda likizo, mtoto hukataa chupa na kudhoofika.

Shirika la Sheldrick Wildlife Trust la Kenya, lililoanzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977, limepata dawa ya tatizo hilo. Mapema mwaka 2020, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki, simba walimuua jike wa punda milia. Mtoto wake akakimbilia katikati ya mbuzi na kufika nao nyumbani kwa mchungaji. Walezi wa shirika wakamchukua, wakamwita Diria. Walikuwa na koti lililoshonwa kwa mistari myeusi na myeupe, na kila aliyefika zamu yake alilivaa kabla ya kumlisha. Mtoto akashikamana na mistari, na watu wakaweza kupokezana bila yeye kuvunjika moyo.

Koti hilo lina faida nyingine, nayo ni umbali. Dume aliyelelewa kama mtoto wa nyumbani hukua bila kuwaogopa watu, na akikomaa hucheza nao kama anavyocheza na madume wenzake, kwa meno na mateke. Hafugiki, wala hawezi kuachiwa salama. Inafaa tangu mapema awe na wenzake wa kabila lake au wanyama wengine wala majani, mpaka aachishwe maziwa, jambo ambalo porini hutokea kati ya mwezi wa 7 na wa 11 au baadaye kidogo. Kumsukumia mtoto mchanga katika kundi geni si njia ya mkato, kwani katika bustani za wanyama madume wameonekana wakiua watoto wasiowazaa.

Kwa watu wa Katanga ya zamani, ambayo Lualaba ilikuwa sehemu yake, habari ya wanyama mayatima si ngeni. Mjini Lubumbashi, Franck na Roxane Chantereau walianzisha mwaka 2006 kituo cha J.A.C.K., kinacholea watoto wa sokwe ambao wengi mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama, nao wakauzwa. Septemba 2022 watoto watatu waliibwa humo, na wezi wakadai fidia. Tukio hilo linaonyesha ubaya wa soko lenyewe: mtoto wa mnyama ana bei, na kila anayemnunua barabarani kwa huruma humlipa mwindaji aende akaue mama mwingine.

Upemba husimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali, kwa kushirikiana na shirika la Forgotten Parks tangu mwaka 2017. Dereva, mchimbaji au mkulima wa Lubudi akimkuta mtoto wa punda milia peke yake, asimfunge kamba wala asimnyweshe chochote alichonacho nyumbani. Amwangalie kwa mbali, azuie mbwa na kelele, akumbuke mahali na saa, kisha apeleke habari upesi kwa walinzi wa hifadhi au kwa chifu wa kijiji. Na atakayeuziwa nyama ya punda milia sokoni aikatae, kwa sababu hakuna chupa wala koti linaloweza kumlea mtoto vizuri kuliko mama yake aliye hai.