Nywele za Kijidudu cha Kolera

Mtu ameamka mzima. Adhuhuri anahara maji meupe kama yale yaliyooshea mchele. Jioni macho yameingia ndani, sauti imekauka, miguu inakakamaa. Hapo maneno huanza lupangoni: «Ametiwa sumu! Nani alimpa chakula?» Jirani anatazamwa kwa jicho baya, na huku mgonjwa anazidi kuishiwa na maji.

Ndugu msomaji, sumu ipo kweli. Lakini haikutoka mkononi mwa jirani. Hutengenezwa tumboni na kijidudu cha kolera, ndicho kipindupindu. Mwaka 2008, wakati wa mvua, kijidudu hiki kilishika watu wengi hapa Lubumbashi na kule Likasi.

Kijidudu hukaaje tumboni?

Utumbo ni kama mto. Chakula na maji hupita ndani yake bila kusimama, na kitu kisichoshika mahali huchukuliwa na kutupwa nje. Basi, kijidudu kidogo hivi kinawezaje kubaki?

Kina nywele. Ni nyuzi nyembamba mno zinazotoka katika ngozi yake, nasi hatuwezi kuziona kwa macho. Kwa nyuzi hizo vijidudu hushikana, kimoja na kingine, vikawa makundi yaliyokaa juu ya ukuta wa utumbo. Mto unapita, navyo vinabaki na kuzaana.

Nani huamuru nywele ziote?

Kila kiumbe kina maagizo ya urithi ndani yake. Maagizo hayo huitwa jeni. Mtoto hufanana na wazazi wake kwa sababu ya jeni, na kijidudu nacho hurithi zake. Jeni moja ya kijidudu cha kolera, iitwayo tcpA, ndiyo yenye agizo la kutengeneza nyuzi hizo.

Mwaka 1988 wachunguzi wa Marekani walieleza jinsi walivyolijaribu jambo hili kwa watu waliokubali kwa hiari yao. Wengine walipewa vijidudu vilivyoondolewa jeni ya sumu: vilikaa tumboni vizuri, ila ugonjwa ulipungua sana. Wengine walipewa vijidudu vilivyoondolewa jeni ya nywele: hivyo havikuweza kukaa kabisa.

Tena jeni za nywele na jeni za sumu hutii amri moja. Kijidudu kikifika ndani ya utumbo, zote huamshwa pamoja: kinashika, na kinamwaga sumu. Mwaka 1996 ikajulikana jambo la ajabu zaidi. Jeni za sumu huletwa na virusi, naye huingia katika kijidudu kwa kushika nywele zile zile. Basi nywele ni nanga ya kijidudu, na pia ni mlango ambao sumu iliingilia.

Sumu hiyo haiuchomi utumbo. Huufanya utoe maji na chumvi ya mwili, hata lita moja kwa saa moja kwa mtu mzima aliyeshikwa vikali. Ukosefu wa maji ndio unaoua, nao unaweza kuua kwa saa chache.

Tufanye nini?

1. Mgonjwa anywe mara moja, asingoje asubuhi. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena polepole. Mtoto aendelee kunyonya.

2. Mpeleke hospitali upesi, naye akiendelea kunywa njiani.

3. Bomba likikauka nasi tukachota kisimani, hata hapa Karavia, tuchemshe maji mpaka yatokote, au tuyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Mvua husomba uchafu wa choo mpaka kisimani, na maji yanayong'aa yaweza kuwa na vijidudu. Bidoni iwe na kifuniko.

4. Tunawe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumhudumia mgonjwa, na kabla ya kupika na kula.

Nywele hizo hatuwezi kuzinyoa kwa mikono yetu. Lakini kijidudu kisichopita kinywani hakipati mahali pa kushika. Basi tusitafute mchawi lupangoni. Tutazame kisima, choo na mikono yetu, na jirani tumwombe atusaidie kumbeba mgonjwa.