Kizuri Hakijiuzi Siku ya Kwanza

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii wengi wetu tumekuja nayo mpaka huku ughaibuni, pamoja na mbuzi za kukunia nazi na misahafu ya wazee wetu. Ni methali ya kweli, ila ina sharti lake. Kizuri hujiuza pale ambapo watu wamekwisha kujua kuwa ni kizuri. Mtaani kwetu mkate wa mofa haukuhitaji mpiga debe, kwa sababu baba zetu waliula, na babu zetu kabla yao. Bidhaa mpya haina babu. Inazaliwa leo, hakuna aijuaye, na uzuri wake wote umefungwa ndani ya chupa.

Ndugu wasomaji, naandika haya kwa kuwa vijana wetu wengi hapa Uingereza wameingia katika biashara ndogo ndogo. Huyu anauza viungo vya pilau, yule mabuibui, mwengine halua. Ni jambo la kufurahisha. Lakini nimeona pia makatoni yaliyolala katika vyumba vya wageni mwaka mzima, na nyuma ya kila katoni ipo akiba ya mtu. Mimi si mfanyabiashara. Nimesomesha hesabu zaidi ya miaka thelathini, kwanza Unguja, kisha huku. Basi nitasema kama mwalimu wa hesabu.

Tuanze na kitu ambacho karibu kila nyumba yetu imekijua, nacho ni cherehani ya Singer. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851. Ilikuwa mashine nzuri, lakini bei yake ilifika dola 100 na zaidi, fedha nyingi mno kwa familia ya kawaida wakati ule. Tena watu walikuwa na shaka: je, mwanamke aliyeshona kwa mkono maisha yake yote ataweza kuiendesha? Kampuni ikaweka wasichana dukani washone mbele ya watu, ili mpita njia aone kwa macho yake. Kisha mwaka 1856 mshirika wake Singer, mwanasheria Edward Clark, akaanzisha mpango wa mteja kuichukua cherehani nyumbani na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 1855 ziliuzwa cherehani 883. Mwaka 1856 ziliuzwa 2,564. Haiwezekani kwamba mashine ilikuwa bora karibu mara tatu katika mwaka mmoja. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji alimpunguzia mnunuzi shaka yake na mzigo wake.

Mfano wa pili ni yale mabakuli ya plastiki yenye vifuniko ambayo mama zetu hawakubali yapotee hata kwenye harusi. Mmarekani Earl Tupper aliyatoa sokoni mwaka 1946, na madukani hayakwenda vizuri. Kifuniko chake kilitaka kubonyezwa kwa namna maalumu ili hewa itoke, na mteja aliyesimama peke yake mbele ya rafu hakuwa na wa kumwonyesha. Bibi mmoja aitwaye Brownie Wise akawa anayauza kwa njia nyengine: anawakusanya wanawake nyumbani kwa mmoja wao, anaonyesha, nao wanashika na kujaribu. Mwaka 1951 kampuni iliyaondoa madukani kabisa, ikabaki na njia hiyo ya majumbani.

Mfano wa tatu uko mezani petu kila Ramadhani. Vimto ilitengenezwa mara ya kwanza na John Noel Nichols mjini Manchester mwaka 1908, ikiitwa Vim Tonic. Wakati huo Waingereza wengi walikuwa wakipigania watu waache pombe, kwa hiyo kinywaji hiki kilipata nafasi kwa wale waliotaka kitu cha kunywa kisicholevya. Mwaka 1928 familia ya Aujan ilipata haki ya kukiuza katika nchi za Ghuba, na huko kikaingia katika futari. Hakikung'ang'ania kunywewa kila saa na kila siku. Kilipata saa moja na mwezi mmoja, kikakaa hapo hapo, na watoto wakakua wakikijua.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 2022 mpwa wangu na mumewe walianza kutengeneza achari ya embe na ya ndimu. Walifanya mambo kwa taratibu zake. Walijiandikisha kwa halmashauri ya mji siku 28 kabla ya kuanza, kama sheria inavyotaka, na kwenye karatasi ya chupa wakaandika viungo vyote, haradali ikiwa kwa herufi nzito, maana ni miongoni mwa vitu 14 ambavyo sheria ya hapa inataka vitajwe kwa ajili ya wenye mzio. Fedha waliyoitia ilikuwa imewekwa kumpeleka mama yao Umra. Mama mwenyewe aliitoa kwa ridhaa yake.

Mwezi wa kwanza ziliondoka chupa 120. Nyumba ikawa kama ya harusi, na wakaagiza chupa tupu nyengine nyingi. Mwezi wa pili ziliondoka 19.

Mpwa wangu akaja na daftari lake. "Shikamoo mjomba. Watu wameichoka achari yangu."

"Marahaba, mwanangu. Hawajaichoka. Bado hawajaianza. Mwezi ule walikununua wewe."

Hili ndilo fumbo la hesabu ambalo vijana wetu wengi hawalioni. Jamaa hununua chupa ya kwanza kwa mapenzi na kwa haya. Fedha yao ni ya halali, lakini haikwambii kama bidhaa inatakiwa. Chupa inayosema kweli ni ya pili. Tulikaa na daftari, jina baada ya jina, tukatafuta nani amerudi mwenyewe bila kupigiwa simu. Walikuwa saba.

Nikamwambia awaulize wale saba kwa nini wamerudi, na wale wengine kwa nini hawakurudi. Na awaulize kwa namna ambayo mtu hataona haya kusema kweli. Majibu yalikuwa mepesi. Chupa ilikuwa kubwa mno: wazee wawili hawaimalizi, na mwanafunzi hana nafasi kwenye friji ya kushirikiana. Achari ya embe ilikuwa na chumvi nyingi. Na jirani Mwingereza hakujua inaliwa na nini.

Basi akatoa chupa ndogo, nusu ya ile. Chumvi ikapunguzwa. Kwenye karatasi pakaandikwa: iliwe na wali, samaki wa kukaanga au jibini. Kila Jumamosi, watoto wanapotoka chuoni, aliweka meza na sambusa zilizokatwa vipande, kila mtu akaonja kabla ya kununua. Wenye maduka wawili wakakubali kuchukua kwa mali kauli, walipe zikishauzwa. Hapo kuna Singer ndani yake, na kuna mabakuli, na Vimto pia, ingawa yeye hakuwa amesoma habari za yeyote kati yao.

Mauzo hayakuruka. Yalipanda polepole: 31, kisha 44, kisha 60 na kitu. Lakini zaidi ya nusu ya wanunuzi walikuwa wanarudi, na miongoni mwao wamo Waingereza ambao hawana udugu nasi wa kuwaonea haya. Mpaka naandika haya, fedha ya Umra iliyorudi ni zaidi kidogo ya nusu. Mama anasema atangoja.

Kwa vijana nasema: kitembezeni kizuri chenu bila kuona haya, maana hakuna atakayekijua msipokitembeza. Lakini msiagize mali mpya kwa hesabu ya chupa ya kwanza. Ngojeni ya pili. Na tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba muuzaji aonyeshe kasoro ya mali yake mwenyewe. Leo nasema ni dini, na pia ni biashara njema, kwani mnunuzi akishadanganywa mara moja harudi, na asiporudi hakuna biashara.

Kwa wazee wenzangu na jamaa wote nasema: tuwanunulie watoto wetu, lakini tulipe taslimu, tusiombe ya bure kwa ajili ya udugu. Na ikiwa chumvi imezidi, tuseme chumvi imezidi. Tukinyamaza kwa kuhofia kuwavunja moyo, tunawaachia makatoni yawaambie, nayo huwaambia baada ya akiba kwisha.