Je, Wajua? Mafumbo ya Umeme na Sumaku kwa Wanaojinoa kwa Olimpiadi

Je, wajua kwamba Olimpiadi ya Kimataifa ya Fizikia ilianzia Warsaw, Poland, mwaka 1967, ikiwa na nchi tano tu? Siku hizi kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi watano. Mtihani wa nadharia huchukua saa tano, na kwa kawaida una maswali matatu tu. Anayepewa saa tano kwa maswali matatu ajue hakuitwa kujaza namba kwenye fomula.

Je, wajua kwamba kanuni mbili za saketi zinazowatoa jasho wanafunzi zilitungwa na mwanafunzi? Gustav Kirchhoff alizitoa mwaka 1845 akiwa na miaka 21, bado yuko chuoni Königsberg, kama zoezi la semina.

Na je, wajua kwamba kanuni hizohizo ndizo zinazowapotezea wengi muda? Chukua mchemraba uliosukwa kwa waya, kila ukingo una rezista ya omu 1. Kuna ukinzani gani kati ya pembe mbili zinazokabiliana kwa mbali kabisa? Mgeni wa mashindano huanza kuandika milinganyo ya Kirchhoff, ukurasa unajaa, na kosa moja la alama linaharibu kila kitu. Mzoefu huutazama mchemraba kwanza. Mkondo ukiingia kwenye pembe hukuta njia tatu zisizo na tofauti yoyote, kwa hiyo kila njia hupata theluthi. Mbele kidogo kila theluthi hugawanyika nusu kwa nusu, ikawa sehemu moja ya sita, kisha mikondo hukutana tena na kuwa theluthi. Jumlisha theluthi, moja ya sita na theluthi: jibu ni 5/6 ya omu, bila mlinganyo hata mmoja. Ukipima kati ya ncha mbili za ukingo mmoja utapata 7/12, na kati ya pembe mbili zilizo mshazari katika uso mmoja, 3/4. Hayo mawili yafanye mwenyewe. Siri ni kwamba pointi zenye volteji sawa unaweza kuziunganisha pamoja, au kukata waya ulio kati yake, na saketi isijue.

Wajua wavu wa rezista usio na mwisho? Ukiwa na miraba ya omu 1 kila upande, ukinzani kati ya vifundo viwili jirani ni nusu omu. Ingiza ampea 1 kwenye kifundo kimoja: robo yake itapita kwa jirani. Sasa sahau hiyo, vuta ampea 1 kutoka kwa jirani: robo nyingine inapita palepale. Weka hali hizo mbili pamoja, waya huo mmoja una nusu ampea. Lakini ukipima mshazari wa mraba mmoja jibu ni omu 2 ikigawanywa kwa pai, ingawa hakuna duara popote! Hilo usilijaribu ndani ya chumba cha mtihani.

Je, wajua kwamba kapasita yenye chaji ikiunganishwa na pacha wake mtupu, nusu ya nishati hupotea? Wengi hudhani wakitumia waya bora zaidi hasara itapungua. Haipungui. Ukinzani ukiwa mdogo, mkondo huwa mkubwa na muda huwa mfupi, na joto linalozalishwa linabaki lilelile. Ukiondoa ukinzani kabisa, chaji hubembea huku na huku, na nishati huondoka kama mawimbi ya redio. Watunzi wa maswali wanalipenda sana swali hili, nami siwalaumu.

Wajua elektroni huenda polepole mno? Katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1, ukibeba ampea 1 ya mkondo mnyoofu, elektroni husogea takriban milimita 0.07 kwa sekunde. Mita moja huchukua karibu saa nne. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya tayari umejaa elektroni, kama bomba lililojaa maji hadi mdomoni. Na katika umeme wa majumbani kwetu, unaogeuka kwa marudio 50 kila sekunde, elektroni haziendi popote, zinatikisika tu.

Je, wajua kwamba shaba haivutwi na sumaku, lakini sumaku ikidondoshwa ndani ya bomba la shaba hushuka polepole ajabu? Heinrich Lenz aliieleza sababu mwaka 1834: mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililouzalisha. Lipasue bomba kwa urefu wake: sumaku itaongeza kasi, ila bado haitaanguka huru. Fikiria mikondo inazungukia wapi sasa.

Na hili ni letu. Vitabu vingi vya mazoezi kutoka Ulaya huchora uga wa sumaku wa Dunia ukizama ardhini. Ikweta ya sumaku, hata hivyo, hupita kaskazini yetu, kule Ethiopia. Sindano ya sumaku ikining'inia huru Dar es Salaam au Mombasa, ncha yake ya kaskazini huinuka juu. Swali likitaja ndege inayoruka juu ya Pwani, likauliza bawa lipi lina chaji chanya, mchoro wa Ulaya utakupa jibu la kinyume.

La daftari lako leo: rezista sita za omu 1 zimesukwa kuwa piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Kati ya pembe zozote mbili kuna ukinzani gani? Jibu ni nusu omu. Ukihitaji zaidi ya mistari mitatu kulifikia, futa, uanze upya.