Waya wa Tatu Si Pambo: Kuvuta Umeme Kutoka Nyumbani Hadi Kwenye Karavani



Mwenzetu akipewa karavani ya kulala kwenye kazi ya ujenzi, au akinunua kontena la chuma afungue duka kando ya barabara ya Busia au Tororo, haja yake ya kwanza ni taa na soketi. Mara nyingi huvuta waya kutoka nyumba iliyo karibu. Tueleze basi umeme huo unavyokwenda, kwa maana hapo ndipo watu hufa bure.

Upande wa Kenya na upande wa Uganda umeme wa nyumbani ni wa volti 240, na plagi ni ile ile ya meno matatu mapana. Kila jino lina waya wake. Waya wa moto huleta umeme. Nyutro huurudisha. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi, siku zote hukaa bila kazi, ukingoja siku ya ajali. Waya za zamani zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani. Za sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa manjano.

Kwa nini karavani ina hatari kuliko nyumba ya matofali? Mwili wake ni chuma, nayo imesimama juu ya mipira. Waya wa moto ukichubuka na kugusa chuma, umeme hauna njia ya kushuka, hivyo hakuna fyuzi inayokatika. Chuma chote hubaki na volti 240 kimya kimya. Atakayeshika mlango akiwa amesimama kwenye tope, yeye ndiye atakuwa njia.

Waya wa ardhi ukifungwa barabara kwenye chuma na kurudi hadi ardhi ya nyumba, ajali hiyo hukata umeme mara moja. Wako wanaoufunga kwenye nyutro wakidhani ni mamoja. Hilo ni kosa kubwa: siku nyutro itakapokatika njiani, mwili wote wa karavani utakuwa wa moto.

Wengine hupiga fimbo ya chuma ardhini wakaridhika. Fimbo peke yake haitoshi. Ikiwa udongo una ukinzani wa omu 20, umeme utakaopita ni ampea 12 tu, na fyuzi ya ampea 13 haitakatika. Tukumbuke kwamba fyuzi hulinda waya, hailindi mtu. Mtu aweza kuuawa na umeme usiofika hata ampea moja. Kinachomlinda mtu ni swichi inayohisi umeme unaovuja, ikakata kwenye ampea 0.03. Swichi hiyo ifungwe pale nyumbani waya unapoanzia.

Jambo la pili ni mzigo. Gawanya wati kwa 240, utapata ampea. Birika la wati 2,000 hula zaidi ya ampea 8, na pasi ya wati 1,000 hula 4. Hapo soketi moja imejaa. Ukiongeza jiko, imezidiwa. Waya mwembamba wa taa usibebe mzigo huo, na ekstensheni ikunjuliwe yote, kwani ikiwa imeviringwa hupata joto hadi kuyeyuka.

Jambo la tatu: usitengeneze kamwe waya wenye plagi pande zote mbili. Ukichomeka upande mmoja, meno ya upande wa pili yako wazi na yana moto.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA huko Kenya, au kibali cha ERA huko Uganda. Na kama karavani ni ya mwajiri, gharama si ya mfanyakazi. Sheria za usalama na afya kazini, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007, zimemtwika mwajiri wajibu huo. Ukisikia mlango unatekenya vidole, zima umeme kwenye meinswichi, waonye wenzako, kisha mpelekee taarifa mwakilishi wa chama siku hiyo hiyo. Usingoje mvua.