Sheria za maji zilivyojali ugavi na kusahau mafuriko

USIKU wa Mei 9, 2018, ukuta wa bwawa la shamba moja la kibinafsi ulipasuka katika eneo la Solai, Nakuru, baada ya majuma kadhaa ya mvua ya masika. Maji yalishuka mlimani kwa kishindo na kusomba makazi yaliyokuwa chini yake. Watu wasiopungua 47 walifariki, wakiwemo watoto.

Siku chache baadaye, Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) ilitangaza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Tangazo hilo lilizua swali zito zaidi: ikiwa sheria ilidai kibali, bwawa lilisimama vipi mlimani bila mtu kulizuia? Ili kulijibu, yafaa kutazama jinsi sheria zetu za maji zilivyoundwa.

Sheria ya kwanza yenye uzito ilipitishwa mwaka 1929, enzi za ukoloni. Iliweka mito na maziwa chini ya mamlaka ya Mfalme wa Uingereza, na aliyetaka kuchota maji mengi au kuziba mto alihitaji idhini. Katika Bonde la Ufa, walowezi waling'ang'ania maji ya kunyweshea mifugo na mimea, na kazi kubwa ya sheria ilikuwa kuamua nani apate kiasi gani. Sheria ya mwaka 1951 iliyochukua nafasi yake iliendeleza mwelekeo huo. Baada ya uhuru ilibakia katika vitabu vya sheria kama Sura ya 372, na haikufutwa hadi mwaka 2002.

Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1925 maji ya mabwawa yaliua watu 16 katika kijiji cha Dolgarrog, Wales. Miaka mitano baadaye Bunge la huko lilipitisha sheria ya kulazimisha mabwawa makubwa yakaguliwe na wahandisi waliohitimu. Marekani nayo, baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927, ilipitisha sheria za mwaka 1928 na 1936 zilizotambua udhibiti wa mafuriko kuwa jukumu la serikali kuu. Katika nchi hizo, maafa yalizaa sheria. Kwetu, sheria iliendelea kuyatazama maji kama mali ya kugawanywa, wala si nguvu inayoweza kuangamiza.

Mabadiliko yalianza na Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, iliyotaka miradi mikubwa, mabwawa yakiwemo, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitenganisha usimamizi wa rasilimali za maji na kazi ya kuwasambazia wananchi maji. Kanuni zake za mwaka 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja kulingana na ukubwa na hatari yake. Pia zilitenga ukanda wa mita sita hadi 30 kando ya mito.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Jedwali lake la Nne linaikabidhi Serikali ya Kitaifa jukumu la usalama wa mabwawa. Kaunti zinaachiwa mifereji ya maji ya mvua katika maeneo ya mijini, huku kukabiliana na majanga kukiwa kazi ya ngazi zote mbili. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliipa WRA kazi ya kutoa vibali, na ikaunda mamlaka nyingine ya kujenga mabwawa ya kitaifa na miundomsingi ya kudhibiti mafuriko.

Kwenye karatasi, basi, pengo la mwaka 1929 limezibwa. Tatizo ni kwamba kibali humfikia anayekiomba. Asiyeomba hugunduliwa tu afisa anapofika shambani kukagua, na Solai ilionyesha kwamba bwawa linaweza kujaa bila hilo kutendeka.

Aprili 29, 2024, maafa yalirejea katika kaunti hiyo hiyo. Maji yalifagia vijiji karibu na Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 50. Awali ilidhaniwa kuwa bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya takataka kuziba njia yake ya kupita. Tuta la reli halijengwi kuhifadhi maji, na kwa hivyo mtu hatarajii kulipata katika orodha ya mabwawa.

Maziwa nayo yameleta mtihani wa aina yake. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya Nakuru, Baringo na Naivasha yalipanda na kumeza mashamba, shule na nyumba. Katiba, katika kifungu cha 62, inasema maziwa ni ardhi ya umma. Familia yenye hatimiliki ya shamba lililogeuka ziwa inabaki kujiuliza inamiliki nini.

Kuhusu Solai, washtakiwa waliachiliwa na mahakama ya Naivasha Februari 2020, kabla ya Mahakama Kuu kubatilisha uamuzi huo. Katika muda huo wote, waliofiwa hawakuwa wamepata jibu la nani alipaswa kuwalinda.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Anayeishi chini ya bwawa ana haki ya kuuliza kama lina kibali, na lilikaguliwa lini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Solai hapakuwa na nafasi ya kujenga ukuta mwingine.