Njiti na Joto la Kifuani

Kutoka Horohoro, pale mpakani na Kenya, hadi hospitali ya Bombo mjini Tanga ni zaidi ya kilomita 60. Siku hizi ni lami, lakini kwa kichanga wa kilo moja na robo safari hiyo ni ndefu mno. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi, hata katika jua letu la pwani.

Akina mama wenzetu, tusimzongezonge khanga tano na kumlaza pembeni. Hana joto la kutunzwa humo. Abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, uso ugeuzwe upande apate kupumua, kisha khanga imfunge imara. Hata garini.

Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa haba. Wengi waliidhania ya maskini tu. Lakini utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba njiti waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, walifariki 12 katika kila 100. Wengine, karibu 16.

Wauguzi bado wanahitajika, kwa oksijeni na mrija wa kumpitishia maziwa tunayokamua.

Na mama aliyejifungua juzi huchoka. Bibi ana kifua, baba pia. Mwanamume kumbeba njiti wodini huonekana kituko, na kionekane.